Dar–Mwanza kwa ndege ni saa moja na nusu kweli? Tupeane uzoefu

Kirumba_Kwetu: Wakuu salaam. Kuna dogo kaniuliza Dar hadi Mwanza kwa ndege ni muda gani, nikamjibu saa moja na nusu. Palepale nikamkumbuka mama. Angani ni kilomita kama 850, sawa, lakini safari ya kwenda kumzika ilinilia siku nzima. Semeni na nyie, tangu mnafunga mlango Dar hadi mnafika.

Mzee wa Pasiansi: 850 umeitoa wapi? Ni zaidi ya 1,100, nimeendesha mwenyewe.

Nyota ya Ziwa: Hiyo ni barabara mzee wangu: Morogoro, Dodoma, Singida, Shinyanga. Ndege haipiti Singida kununua kuku.

Mzee wa Pasiansi: Basi muwe mnafafanua. Watu wanapotoka.

Dada Igoma: Na ndege ipi? Jeti ndiyo saa moja na nusu. Pangaboi inakaribia mbili. Mtoa mada, maliza habari ya mama.

Kirumba_Kwetu: Mazishi yalikuwa Sengerema, saa nane mchana. Nikapanda ndege ya alfajiri. Kufika juu ya ziwa, wingu jeusi tii. Rubani akazunguka, akashuka mpaka tukaona maji na mawe, ghafla akapandisha. Kina mama wakaanza kusali kwa sauti. Akajaribu tena, ikashindikana, akatangaza tunakwenda KIA, uwanja wa Kilimanjaro.

Pale tulikaa hadi jioni, hakuna wa kutuambia neno. Kwa gari ni kuzunguka Babati, Singida, Shinyanga, nisingewahi. Kaka akapiga: "Padri yuko hapa, tufanyeje?" Nikamwambia nisubirini, msimfukie mama sijamwona. Tukatua Mwanza usiku. Daraja lilikuwa bado, nikakwama Kigongo nikingoja kivuko. Nilipofika watu walikuwa wamelala chini ya turubai, mama yuko ndani. Tukazika asubuhi.

Rubani simlaumu hata kidogo. Kampuni siitaji, ila kumwacha mfiwa kutwa nzima bila taarifa ni ukatili.

Dada Igoma: Pole sana kaka. Nimelia.

Mwana Bukoba: Rubani alifanya la maana. Novemba 6, 2022 kwetu ndege iliingia ziwani, hali ya hewa mbaya, watu 19 wakafa. Tangu hapo ndege ikigeuza namshukuru Mungu.

Konda Mstaafu: Msiba ukitokea panda basi usiku huohuo, siku hizi yanatembea usiku.

Nyota ya Ziwa: Likiharibika Manyoni je? Kata ndege ya mchana. Ngurumo za ziwa nyingi ni usiku na alfajiri.

Dada Igoma: Ya mchana ndiyo inarithi uchelewaji wote wa asubuhi. Nenda mkesha wake.

Konda Mstaafu: Mkesha wake mtu hajafa bado, dada.

Mzee wa Pasiansi: Nyie mnadeka. Kabla ya lami ya Singida tulipitia Nairobi na Sirari, hati ya kusafiria mkononi, kwenda mkoa wa nchi yako mwenyewe.

Dada Igoma: Mzee, hapa tunaongelea msiba wa mtu.

Mzee wa Pasiansi: Kweli. Pole mwanangu. Lakini Sengerema sasa kumelainika. Tangu Juni 2025 daraja limefunguliwa, Kigongo hadi Busisi ni dakika chache, hungoji kivuko.

Kirumba_Kwetu: Asante mzee. Arobaini nilikwenda kwa basi.