Wakuu, eti nimeulizwa mbele ya ukumbi mzima kama "Ada" nimeshailipa!

Wakuu, ninaandika nikiwa bado natetemeka, na yule bwana wa semina zetu simtaji kwa sababu nyote mnamjua kwa slaidi zake zilizochakaa kuliko kanga ya jikoni. Nilikuwa nikieleza jinsi Wizara ya Ulinzi ya Marekani, ilipoona lugha za programu na lahaja zake zimefika mamia, ilivyounda kikundi mwaka 1975 ili kitafute lugha moja ya kompyuta zinazofungwa ndani ya ndege, meli na makombora, lugha iliyokuja kuitwa Ada, ndipo akanikatiza: "Ada? Umeshalipa?" Ukumbi ukaangua kicheko, na hata fundi wa vipaza sauti alilazimika kukaa chini.

Nikaendelea kwamba timu nne zilishindanishwa kwa majina ya rangi ili waamuzi wasijue kazi ni ya nani, na kwamba Kijani, lugha ya timu ya Jean Ichbiah, ilishinda mwaka 1979, lakini kila nilipotamka Ada, viti vya nyuma viliitikia: "Umeshalipa?" Mimi, niliyesoma Steelman, waraka wa masharti ya lugha hiyo, hadi macho yakawa mekundu, naulizwa kama mtoto aliyefukuzwa darasani! Umeshalipa!

BibiKompaila: Pole, ndugu yangu. Ungetanguliza kwamba ni jina la mwanahisabati Ada Lovelace, aliyezaliwa mwaka 1815, na ndiyo maana kiwango cha kijeshi cha lugha yenyewe kikaitwa MIL-STD-1815. Risiti unayo lakini?

NuktaMkato: Mimi nililala ofisini siku mbili kwa ajili ya alama moja ya usawa iliyopungua katika lugha ya C (= badala ya ==), kosa ambalo kompaila ya Ada, yaani programu inayotafsiri msimbo, ingelikataa papo hapo, na hakuna aliyenifungulia uzi.

Mzee wa Biti: Mnaisifu mno. Roketi ya Ulaya ya Ariane 5 iliyolipuka tarehe 4 Juni 1996 iliandikiwa programu kwa lugha gani?

BibiKompaila: Usiisingizie lugha, mzee. Kipande kile cha programu kilirithiwa kutoka Ariane 4, namba ya biti 64 ikalazimishwa kuingia katika biti 16, na kinga ya kuzuia namba isiyoenea waliiacha wahandisi wenyewe kwa makusudi.

Mwanzisha uzi: Jamani, turudi kwangu. Aliniuliza kama nimeshalipa!

Mzee wa Biti: Subiri kidogo, mkuu. Bibi, kama lugha ilikuwa imara hivyo, kwa nini sharti la wizara la kuitumia liliondolewa mwaka 1997?

NuktaMkato: Na ile alama yangu ya usawa je?