Moravian na Luther, nani alitangulia?

Mdau wa Tukuyu: Wakuu, jirani yangu Mlutheri anasisitiza eti sisi Wamoravian ni watoto wa Luther. Mafundisho ya kipaimara niliambiwa kanisa letu ni la 1457. Nimsikilize nani?

Mzee wa Rungwe: Jan Hus, padri mwanamatengenezo wa Bohemia (Ucheki ya leo), alichomwa moto kule Konstanz, Ujerumani, mwaka 1415. Wafuasi wake wakaunda Umoja wa Ndugu, ndio chimbuko la Moravian, hukohuko Bohemia, 1457. Luther katoa hoja zake 95, zilizoanzisha Ulutheri, mwaka 1517. Piga hesabu, kijana.

Mkinga: Shikamoo mzee, lakini malizia basi! Mateso yaliwasambaratisha, wakaja kufufuka Herrnhut, Ujerumani, 1727, kwenye ardhi ya Zinzendorf, kabaila wa Kijerumani. Na Zinzendorf alikuwa Mlutheri. Jirani ana hoja.

Mzee wa Rungwe: Marahaba. Kahoja kadogo. Ila huku kwetu tulienda sawa: Rungwe wamisionari wa Moravian walifika 1891, na wamisionari Walutheri kutoka Berlin wakaingia Unyakyusa mwaka huohuo.