Wakuu, deni tu linaweza kunifunga?

Kimya Kingi: Wakuu, usingizi sina. Jamaa alinikopesha mtaji, biashara ikafa, sasa ni miezi saba. Leo kanitumia ujumbe: "Utalala ndani." Hivi mtu anafungwa kwa deni tu? Matusi sitaki.

Kisu Butu: Siku ya kukopa ulilala vizuri lakini.

Mama Pacha: Dawa ya deni kulipa. Shemeji yangu nilimkopesha ada ya mtoto, akiniona anavuka barabara. Mtoto kahitimu, nikaletewa kadi ya mchango wa sherehe!

Karani Mstaafu: Mkuu, kushindwa kulipa peke yake si jinai. Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Kiraia na Kisiasa wa 1966, kifungu cha 11, unakataza kumfunga mtu kwa sababu tu kashindwa kutimiza makubaliano. Hata Uingereza, walikokuwa wakijaza wadaiwa magerezani, sheria ya 1869 ilifuta sehemu kubwa ya vifungo hivyo. Ila hilo "tu" lako ndilo linanitia wasiwasi. Kuna hundi iliyodunda? Rehani? Hukumu imeshatoka?

Kimya Kingi: Hundi hakuna, na tunajuana toka utotoni. Nawaza kuhama kimyakimya mpaka mambo yatulie. Chumba nimeshapata.

Karani Mstaafu: Rehani umeiruka.

Kimya Kingi: Kulikuwa na pikipiki. Kadi akabaki nayo yeye, pikipiki nikabaki nayo mimi niifanyie kazi. Nikaiuza. Nia ilikuwa nimlipe yeye huyohuyo, hela ikaishia kwenye kodi ya nyumba. Pikipiki yangu mwenyewe, nimemwibia nani?

Kisu Butu: "Deni tu" 😂😂

Karani Mstaafu: Kuuza rehani bila ridhaa ya mdai, nchi nyingi inaweza kuwa jinai, na hapo hujibu tena habari ya deni. Kuhama ndiyo usithubutu. Mdai akishapata hukumu, mdaiwa anayeficha mali au kutaka kutoroka ndiye anayeombewa kifungo cha madai, yaani kuwekwa ndani kwa kesi ya deni, si ya jinai. Na ukitoka, deni lipo palepale.

Bundi: Chai hii. Nani ananunua pikipiki isiyo na kadi? Halafu mwezi jana huyuhuyu alifungua uzi akiuliza atamfungaje mtu aliyemkopesha. Kautafuteni.

Mama Pacha: Nimeuona! Kumbe wewe ndiye mdai, unatuchota akili!

Kisu Butu: Au kamkopesha mtu hela ya pikipiki.

Kimya Kingi: Ule uzi aliandika mke wangu, akaunti tunatumia wote. Anamdai dada yake. Na kadi nilimwambia mnunuzi imepotea, nikamwandikia karatasi.

Karani Mstaafu: Mkuu, acha kuandika hapa. Tafuta wakili.

Kimya Kingi: Sawa. Swali la mwisho: samansi ikiachwa kwa jirani, inahesabika nimeipokea?