Gari lililotumika: nimalize bajeti kwenye bei, au nibakize ya matengenezo?

Kanyaga_Taratibu
Habari wakuu. Natafuta gari dogo la petroli, otomatiki, lenye umri wa miaka 6 hadi 9. Nitaendesha kama km 15,000 kwa mwaka, nyingi za foleni mjini. Nina njia mbili: nitumie pesa yote (na mkopo kidogo juu) nipate gari jipya zaidi, au nichukue la bei ya chini nibakize akiba. Na nikienda kuliangalia, nianzie wapi ili nisiuziwe mzigo?

FundiSpana
Bakiza. Mimi huwaambia watu watenge asilimia 15 ya bajeti kwa mwezi wa kwanza, na gari likiwa halina kumbukumbu za sevisi, 20. Muuzaji anayejua anauza karibuni hafanyi sevisi kubwa, anakuachia wewe.

Ukaguzi: nenda injini ikiwa baridi, na mwombe muuzaji mapema asiliwashe. Ukifika ukakuta boneti ina joto, rudi siku nyingine. Injini ikishapata moto huficha mengi, hasa mlio wa taimingi cheni (mnyororo unaoendesha valvu zifuatane na pistoni) iliyolegea na moshi wa kuwashia.

Kabla ya kuwasha, fungua kifuniko cha rejeta (ikiwa baridi tu, maji ya moto yatakurukia). Kulanti (kimiminika cha kupoza injini) iwe safi na yenye rangi yake. Maji ya kutu maana yake gari limekuwa likijazwa maji ya bomba, na kutu hiyo huziba mirija ya rejeta na kula pampu ya maji. Ukiona mafuta yanaelea humo, shuku gasketi ya silinda hedi. Uji wa rangi ya maziwa chini ya kifuniko cha oili peke yake usikutishe sana, kwa sababu gari la safari fupi hupata unyevu pale juu. Lakini ukiuona hadi kwenye dipstiki, aga uondoke.

Sasa washa, mtu mwingine asimame nyuma. Moshi wa bluu ni oili inaungua: ukitoka mara tu baada ya kuwasha kisha ukaisha, mara nyingi ni sili za valvu, ukitoka kila ukikanyaga mafuta, ringi za pistoni zimechoka. Mweupe mzito usioisha hata injini ikipata moto ni kulanti inaingia kwenye silinda. Mweusi ni petroli imezidi hewa, na mara nyingi tatizo ni sensa au filta ya hewa, yaani kitu cha kuombea punguzo.

Giaboksi: kanyaga breki, tia D, kisha R. Ikichelewa kushika, au ikipiga kwa kishindo, achana nalo hata kama bodi inang'aa. Gari la umri huo, kutengeneza giaboksi kunaweza kula sehemu kubwa ya bei uliyolinunulia.

Mwisho chomeka mashine ya OBD2, ile inayosoma kompyuta ya gari. Wengi huangalia misimbo ya hitilafu tu, wakikuta hakuna wanafurahi. Angalia pia yale majaribio ambayo kompyuta ya gari hujifanyia yenyewe. Yakiwa mengi hayajakamilika, ama betri ilichomolewa ama mtu amefuta misimbo karibuni. Endesha kwa mwendo tofauti, kisha pima tena.

HesabuKwanza
Kuhusu huo mkopo "kidogo": uliza riba inahesabiwaje. Asilimia 10 kwa mwaka juu ya mkopo wa awali, kwa miaka 3, inamaanisha unalipa riba ya 30 kwa kila 100 uliyokopa. Asilimia 10 ileile ikihesabiwa juu ya deni linalobaki, riba yote inakuwa kama 16. Kwa maneno mengine, ile ya kwanza ni sawa na karibu asilimia 18 halisi. Tangazo litaandika 10 kote kuwili.

Mafuta nayo yapigie hesabu kabla ya kupenda umbo. Kwa km 15,000, gari la lita 8 kwa km 100 linakula lita 1,200 kwa mwaka. La lita 6 linakula 900. Hizo lita 300 zidishe kwa miaka utakayokaa nalo, ndipo ulinganishe bei.

Tairi: soma tarakimu nne za mwisho za msimbo wa DOT ulioandikwa ubavuni, ndiyo tarehe ya kutengenezwa. 2319 ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Tairi lenye kashata nzuri lakini limepasukapasuka ubavuni ni la kubadilisha, na seti nzima ni hoja nzito ya kushusha bei.

Kanyaga_Taratibu
Shukrani. Kuna moja lina km 118,000. Muuzaji hajui kama taimingi belti (hili linatumia belti badala ya cheni) iliwahi kubadilishwa, na anasema oili ya giaboksi ni "ya maisha".

FundiSpana
Belti isiyojulikana ihesabu imekwisha muda. Nyingi hubadilishwa karibu na km 100,000 au baada ya miaka kadhaa, kitabu cha gari kitakupa kipimo chake. Ikikatika kwenye injini ambayo pistoni na valvu hugongana, valvu zinapinda na hedi inafunguliwa. Badilisha pamoja na tensiona (kikaza belti), beringi zake, na pampu ya maji kama inaendeshwa na belti hiyo, maana kazi ya kufungua ni ileile.

"Ya maisha" ni maisha ya giaboksi, na yatakuwa mafupi. Mwaga na ujaze kwa njia ya kawaida, usikubali kusukumwa kwa mashine ya presha kwenye giaboksi isiyo na historia. Ukimwaga hivyo sehemu kubwa ya oili hubaki kwenye konveta (kiungo kati ya injini na giaboksi), kwa hiyo rudia baada ya kilomita elfu chache. Kama ni CVT (giaboksi otomatiki ya puli, isiyo na gia za hatua), tumia oili iliyotajwa kwenye kitabu tu. Oili ya giaboksi ya kawaida humo ni kuiua. Na kama tayari inateleza na oili inanuka kuungua, kubadilisha hakutaiponya.

Mama_Gereji
Naungana na FundiSpana ila asikufanye ubadilishe kila kitu siku moja. Anza na vinavyoharibu vingine: oili ya injini na filta yake, belti, kulanti, oili ya breki (inavuta unyevu, miaka 2 inatosha). Plagi zitoe uziangalie kwanza, za iridiamu zinaweza kufika km 100,000. Shokapu na bushi zisubiri hadi zilie, ila bolijointi yenye mchezo isisubiri hata wiki.

Spea agiza kwa namba ya chesisi, si kwa jina la gari. Modeli moja ya mwaka mmoja inaweza kuwa na breki pedi za aina mbili.

Upepo upime asubuhi kabla ya kutembea, kwa kipimo kilicho kwenye kibandiko cha nguzo ya mlango wa dereva. Namba iliyoandikwa kwenye tairi lenyewe ni ukomo wake, usijaze hadi hapo.