Tambi Guangzhou: banda la mboga, Lanzhou, au popote "bila nyama"?

Mzigo_Tayari
Wadau, salaam. Oktoba naenda Guangzhou kwenye Maonyesho ya Canton, na safari hii naongozana na mshirika wangu wa Parklands. Ni Mhindu: hali nyama, samaki, mayai, kitunguu wala saumu. Mimi Mwislamu, nguruwe na pombe sitaki hata harufu. Wote tunapenda tambi, na hatutafuti hoteli za vitambaa mezani. Nina machaguo matatu: vibanda vya mboga vyenye alama ya 素, tambi za kuvutwa kwa mkono za mji wa Lanzhou, au kibanda chochote tukiomba watoe nyama. Wenyeji mnasemaje?

BintiUnguja
La tatu lifute kabisa, kaka. Ukisema "bu yao rou" (sitaki nyama) mpishi anaacha kuweka vipande vya nyama juu, basi. Supu yenyewe mara nyingi imechemshwa kwa mifupa ya nguruwe, mboga zinaweza kukaangwa kwa mafuta yake, kuna sosi ya chaza, na divai ya kupikia inamiminwa hivihivi. Hakudanganyi, kwake nyama ni ile inayoonekana.

Karani_Xiaobei
Mimi kura yangu Lanzhou. Unakaa unamwona jamaa anavuta donge la unga, anakunja, anavuta tena, anagonga mezani, dakika haijaisha tambi zimo kwenye sufuria. Unachagua unene mwenyewe: "xi" ni nyembamba, "dakuan" ni pana kama mkanda wa suruali. Wenye migahawa hii wengi ni Waislamu wa Kihui na Wasalar kutoka Qinghai. Tafuta maandishi 清真 mlangoni, ndiyo halali. Bakuli moja unashiba mpaka jioni.

Mla_Majani
@Karani_Xiaobei sawa, ila swali lina watu wawili. Supu ya Lanzhou ni ya ng'ombe, na Mhindu wa Parklands utamwambia nini? Ukimwagizia za kukaanga, zinakuja na kitunguu, mara nyingi na yai.

Vibanda vya 素 vya mtindo wa zamani vinafuata desturi ya Wabudha: hakuna nyama, hakuna pombe, hakuna kitunguu, saumu wala liki. Supu inatoka kwenye uyoga mkavu na chipukizi za soya, wengine wanaongeza mahindi. Juu wanaweka tofu, kabichi, na ile "nyama" ya ngano: wanakanda unga, wanauosha ndani ya maji mpaka wanga wote utoke, kinachobaki kinavutika na kinanyonya mchuzi vizuri sana. Karibu na mahekalu hutakosa. Liurong, kwa mfano, haliko mbali na msikiti wa Huaisheng, kwa hiyo unaswali adhuhuri kisha mnakula pamoja.

Angalizo: vipo vipya vya vijana, hivyo havifuati Ubudha na saumu wanatia. Uliza "you suan ma?" na kwa mayai "you dan ma?"

Shah_wa_Ngara
Kabla ya yote, huyo mshirika ni Mjaini (dini nyingine ya Kihindi) au ni wa Swaminarayan, lile dhehebu la Kihindu? Kama ni Mjaini mwenye msimamo, hata viazi, karoti na mizizi ya yungiyungi hali, na wengi wetu uyoga pia hatugusi. Hapo supu nzima imeondoka.

Mzigo_Tayari
Swaminarayan. Karoti na uyoga anakula, nimeshamwona.

Shah_wa_Ngara
Basi atafurahi kuliko wewe. Nchi za watu sisi kazi yetu ni kueleza habari za kitunguu mpaka tunachoka.

Karani_Xiaobei
Nakubali kwa upande wa mshirika. Lakini tusemane ukweli, chakula bila saumu kimepooza. Halafu wanakuletea kipande chekundu kilichotengenezwa kifanane na nguruwe wa kuchoma. Najua ni ngano, ila roho inakataa.

BintiUnguja
Roho yako si hukumu ya fiqhi 😄 Usiyetaka mfano wa nyama, agiza tambi za sosi ya ufuta, au liangpi, zile bapa za baridi. Mezani pana chupa ya siki nyeusi na mtungi wa mafuta ya pilipili, jisaidie. Ukishakoroga, hutalalamika tena.

Mla_Majani
Na msiende tarehe 1 wala 15 za mwezi wa Kichina saa ya chakula cha mchana. Hizo ndizo siku ambazo hata wala nyama wengi huacha nyama, foleni inatoka nje mpaka barabarani.

Mzigo_Tayari
Nimeelewa: mchana 素 pamoja naye, na usiku nikiwa peke yangu naenda kwa Wahui. Malipo je, wanapokea noti?

Karani_Xiaobei
Wanapokea, ila chenji ni mtihani. Weka Alipay kwenye simu na uunganishe kadi yako ya Visa ukiwa bado nyumbani, kwa sababu benki ikituma namba ya uthibitisho kwenye laini yako ya Kenya na laini haishiki mtandao huku, utakwama na bakuli mkononi.

Mzigo_Tayari
Nashughulikia leo leo. Shukrani wote.