Dar au Dodoma: nikihama kodi ipi hasa inapungua? Naomba ushauri

Cherehani_Nne (mleta uzi)

Wakuu, habari za muda huu.

Mwenzangu anahamishiwa Dodoma na mwajiri wake, kampuni binafsi. Kituo cha kazi ni upande wa Ihumwa. Mshahara unabaki 1,500,000 kabla ya makato, NSSF 10%, na wanasema wataongeza posho ya nyumba 300,000. Mimi nina duka la vifaa vya ushonaji hapa Mbagala, mauzo yanacheza kwenye milioni 3 kwa mwezi. Tuko watano nyumbani. Nyumba tunayokaa ni yetu, ya kawaida isiyo ya ghorofa, tuna mwaka wa saba ndani yake.

Kila ninayemuuliza ananiambia Dodoma kodi ndogo, maisha nafuu. Wanaojua naomba wanifafanulie: kodi ipi inapungua? Tukae mtaa gani? Na hii nyumba tuuze au tupangishe? Dhihaka pembeni tafadhali.

Zege_Halilali

Hamia mkuu. Kodi Dodoma ni mtelezo ukilinganisha na Dar, na hakuna foleni.

Karani_wa_Makole

Mkuu hapo juu unampoteza mwenzako. Lugha yetu yenyewe inachangia: anachochukua mwenye nyumba ni kodi, anachochukua TRA nacho ni kodi. Inayoweza kupungua Dodoma ni ile ya kwanza. Mimi ya mwenye nyumba nitaiita pango, tusigongane.

PAYE, kodi inayokatwa kwenye mshahara, haijui mkoa. Tanzania Bara nzima jedwali ni moja: 270,000 ya kwanza haiguswi, kutoka hapo mpaka 520,000 ni 8%, mpaka 760,000 ni 20%, mpaka milioni moja ni 25%, kinachozidi milioni ni 30%. Kwa shemeji: toa NSSF 150,000, inabaki 1,350,000. Milioni ya kwanza imeshabeba 128,000, ile 350,000 ya juu inatoa 105,000. Jumla 233,000, mkononi 1,117,000. Awe Mbagala, Ihumwa au Kondoa, ni hiyo hiyo.

Sasa iangalieni vizuri hiyo posho. Kwa mfanyakazi wa kampuni binafsi posho ya nyumba inaingia yote kwenye mapato yanayotozwa, na shemeji tayari yuko kwenye 30%. Kwa hiyo 300,000 inafika mkononi 210,000. Wakiikatia na NSSF, inafika 189,000. Watumishi wa umma wanaolipwa na bajeti ya Serikali posho yao ya nyumba haikatwi, na Dodoma imejaa watumishi, kwa hiyo mtasikia "mbona yangu naipata yote". Hadanganyi, ila sheria inayomlinda yeye haiwahusu ninyi. Kabla ya kusaini barua ya uhamisho, mwombe mwajiri aandike kinachobaki baada ya makato. Kama kampuni ina nyumba zake huko, ulizeni na hilo: nyumba ya mwajiri nayo hutozwa kama faida ya ajira, lakini thamani yake haiwezi kuzidi pango la soko.

Zege_Halilali

Sawa mkuu, nimekubali kwenye PAYE. Foleni sirudi nyuma.

Risiti_Kwanza

Mimi nichukue duka, maana hapo ndipo watu wengi wanaohama huumia.

TIN, namba yako ya mlipakodi, haibadiliki. Kwa mauzo ya milioni 36 kwa mwaka uko kwenye kundi la milioni 11 hadi 100, ambalo hulipa 3.5% ya mauzo: 1,260,000 kwa mwaka, awamu nne za 315,000, mwisho wa Machi, Juni, Septemba na Desemba. Hii nayo ni ya nchi nzima. Ushuru wa huduma ulikuwa unaenda halmashauri ya Temeke, sasa utaenda Jiji la Dodoma. Kilichobadilika ni mlango wa kulipia tu.

Kosa ni kufunga shata, kupakia mzigo, kuanza upya Dodoma bila kufunga faili la zamani. Mfumo wa TRA haujui kwamba umehama. Unaendelea kukudai awamu kwa makadirio ya Mbagala, riba inajilimbikiza, na siku ukihitaji uthibitisho wa kutodaiwa ili upate leseni mpya unakuta deni la duka ambalo sasa hivi linauza chips. Fuata mpangilio huu. Anza na barua kwa ofisi ya TRA unayolipia sasa, ukitaja tarehe ya kufunga na mahali unapohamia, uombe faili lihamishiwe Dodoma. Mashine ya risiti (EFD) nayo itaje kwenye barua, kwa sababu imesajiliwa kwa anwani ya duka na risiti zitaendelea kutoka na Mbagala. Ukishatulia Dodoma, omba leseni ya biashara kwa halmashauri kupitia mfumo wa TAUSI. Leseni ya Temeke haivuki mpaka wa halmashauri, hata kama ina miezi minane mbele.

La mwisho, na hili ndilo lenye fedha: mteja wako hahami na wewe. Mwaka wa kwanza ukiuza nusu, milioni 18, kodi yako halali ni 630,000. Lakini kama makadirio ni yale ya milioni 36 na umekaa kimya, utadaiwa 1,260,000. Nenda ukaombe yapitiwe upya mapema, ukiwa na ripoti za mashine mkononi. Usisubiri Desemba.

Cherehani_Nne

Asanteni sana, hilo la makadirio sikulifikiria kabisa. Vipi kuhusu nyumba? Jumla tulitumia kama milioni 34 kiwanja na ujenzi, kuna mtu ametaja 50.

Karani_wa_Makole

Ongezeko ni milioni 16. Hapo mko pabaya kwa milioni moja tu.

Nyumba ya makazi mliyoimiliki mfululizo miaka 3 au zaidi na kuishi humo jumla ya miaka 3 haitozwi kodi ya ongezeko la mtaji, ilimradi ongezeko lisizidi milioni 15. Wengi hudhani ikizidi unatozwa kile kilichozidi. Hapana, msamaha unaondoka wote: ongezeko la milioni 15 ni sifuri, la milioni 16 ni 10% ya zote 16, yaani 1,600,000.

Kwa hiyo kazi yenu wikendi hii ni kufungua lile boksi la risiti. Gharama ya nyumba si kiwanja na tofali peke yake. Ukuta uliojengwa mwaka wa tatu, vigae, mabati mapya, fundi aliyelipwa kwa maandishi, ushuru wa stempu mlipolipia kiwanja, vyote huingia. Mkipata ushahidi wa milioni moja na kidogo zaidi ya hiyo 34, mmerudi ndani ya mstari. Msitunge risiti, za EFD zinahakikiwa kwenye mfumo.

Asiye na kumbukumbu kabisa hutozwa 3% ya bei ya mauzo au ya thamani iliyoidhinishwa, iliyo kubwa kati ya hizo. Kwa milioni 50 ni 1,500,000. Na msiingie kwenye mtego wa kuandika bei ndogo kwenye mkataba: mthamini ataandika yake, na itatumika iliyo kubwa. Msajili wa Hati hahamishi umiliki bila cheti cha TRA, kwa hiyo hii kodi hailipwi "baadaye". Mnunuzi yeye ana ushuru wa stempu 1%.

Bikoni_Nyekundu

Mimi ningesema pangisheni mwaka mmoja kwanza. Kodi ya mapato ya pango ni 10% ya pango lote, haitoi gharama za ukarabati, hiyo ni kweli. Lakini kuuza nyumba kabla hamjajua kama Dodoma itawakubali ni haraka. Na fedha ya nyumba ikikaa mkononi Dodoma itaishia kwenye kiwanja cha haraka, na viwanja vya hapa vina mambo yake.

Mamlaka ya zamani ya ustawishaji, CDA, ilikuwa inatoa miliki za miaka 33. Ilivunjwa Mei 2017, kazi zake zikaenda halmashauri, na sasa hati hutolewa za miaka 99. Bado kuna watu wanauza kwa karatasi za CDA. Soma tarehe: iliyoanza 1990 iliisha 2023. Muuzaji aibadilishe yeye, kwa jina lake, ndipo mzungumze bei. Halafu fanya upekuzi ofisi ya ardhi, na dai stakabadhi ya kodi ya pango la ardhi ya mwaka unaoendelea (mwaka wake huanza Julai). Deni la ardhi hukaa na kiwanja, na muuzaji huondoka mwepesi.

Chimba na shimo la mita moja na nusu kabla ya kulipa. Ukikuta udongo mweusi unaopasuka kiangazi na kunata masika, hiyo ni mbuga: unavimba na kusinyaa, na nyumba inapata nyufa za mshazari kuanzia pembe za madirisha. Si kwamba haujengeki, ila msingi wake una nondo na mkanda ambao haumo kwenye bajeti uliyopigiwa barazani.

Mama_Zabibu

Mmeongea kodi mpaka mmesahau maji. Dodoma maji ndiyo yanayopanga mtaa, jamani.

Mvua hapa ni msimu mmoja, Desemba mpaka Aprili, kwenye milimita 550 hivi kwa mwaka. Baada ya hapo ni upepo na vumbi. Mji umetegemea sana visima vya Mzakwe, na watu wameongezeka kuliko visima, kwa hiyo DUWASA, mamlaka ya maji ya hapa, wana mgao. Mitaa miwili iliyopakana inaweza kuwa na ratiba tofauti kabisa, inategemea bomba lipi linapita na kama mko mwinuko. Kwa hiyo swali la "tukae Kisasa au Nzuguni au Ilazo" halijibiki kwa jina la mtaa. Linajibika kwa kugonga mlango wa jirani na kuuliza: yanatoka siku gani, saa ngapi, na mara ya mwisho mliita boza lini?

Hesabu yenu: watu watano kwa lita 50 ni 250 kwa siku. Mgao wa siku moja kwa nne ni lita 1,000, bila kufua wala kupiga deki. Simtanki la 1,000 litawaaibisha. Anzeni na 2,000, likiwa juu ya mnara wa mita tatu angalau, vinginevyo bafuni itatoka kamba ya uzi. Paa la mita za mraba 100 likiwa na gata nzima huvuna kama lita 44,000 kwa msimu, ila ni ya aliyechimba tangi la chini. Ukikagua nyumba, omba uone birika la jikoni au fungua kichwa cha bomba la mvua la bafuni: ule ukoko mweupe ni chumvi ya maji, nao huziba hita mapema.

Kwa kazi ya Ihumwa, upande wa mashariki una mantiki: Nzuguni, Kisasa, Iyumbu, au Mtumba kwenyewe. Mtumba iko kama kilomita 17 kutoka mjini. Mkikaa Nkuhungu au Mkonze shemeji atavuka mji mzima kila siku. Kilomita 17 kwenda na 17 kurudi, kwa siku 22 ni 748. Gari la kilomita 10 kwa lita ni lita 75, na mafuta Dodoma bei yake kikomo ya EWURA huwa juu ya Dar kwa sababu yanasafirishwa kutoka bandarini. Lakini duka lako mkuu linataka watu, na watu wako mjini kati na karibu na stendi na soko la Job Ndugai, Nzuguni. Ndiyo maana mimi ningetafuta Nzuguni kwanza. Pana vumbi, sikufichi.

Chakula: mahindi ya Kibaigwa, mafuta ya alizeti, vitunguu vya Singida, nyama, hapo mtacheka. Samaki wa bahari na nazi mtavikumbuka. Na Dar siyo mbali kama zamani: treni ya SGR daraja la kawaida ilianza na 31,000 mwaka 2024, unakula mchana Kariakoo unachukua mzigo wako.

Cherehani_Nne

Mama Zabibu ubarikiwe. Basi tutapanga kwanza. Kwenye mkataba tuangalie nini?

Risiti_Kwanza

Kodi ya jengo inakatwa kwenye LUKU: 1,500 kwa mwezi kwa nyumba ya kawaida, 7,500 kwa kila ghorofa mjini. Ni ya mwenye nyumba, lakini inakatwa kwa anayenunua umeme. Andikeni kwenye mkataba kwamba 18,000 ya mwaka inatolewa kwenye pango. Nyumba moja ikiwa na mita mbili hukatwa mara mbili mpaka mwenye nyumba aende TRA kuziunganisha.

Na kabla hujatoa hata shilingi ya dalali, chukua namba ya mita, nunua umeme wa 5,000, usome ujumbe unaorudi. Nyumba iliyokaa tupu miezi kumi ina 15,000 inayokusubiri humo, na hiyo 5,000 yako yote itaishia kwenye deni.

Mama_Zabibu

Na mita ya maji ipigwe picha siku hiyo hiyo, namba zote zionekane, mwenye nyumba akiwepo.