Mbwa katundikiwa dripu ya mafuta, ini litapona kweli?

Wakuu heshima yenu. Mbwa wangu alikuwa na upele, jamaa mmoja akamchoma ivermektini ya ng'ombe, ile dawa ya minyoo na wadudu wa ngozi, kipimo alikadiria kwa macho tu, kufika usiku mbwa anayumba kama kalewa, mate yanamchuruzika, haoni kabisa. Nikampakia bajaji mpaka kliniki moja huku Tegeta, wakamtundikia dripu nyeupe wanasema ni mafuta ya soya. Sasa hivi ananyanyua kichwa, ila walivyomtoa damu wakaizungusha kwenye mashine, kule juu ya tyubu badala ya maji ya njano pametanda kitu kama tui la kwanza. Hayo mafuta hayaendi kuganda kwenye ini?

MtotoWaTemeke: Mafuta ya soya na kiini cha yai, bado kachumbari tu hapo 😂 pole lakini mkuu

DaktariWaMifugo: Huyo hapo juu anatania ila kweli kiini cha yai kimo, ndo kinachofanya mafuta yasijitenge na maji. Mkuu tulia, matone yake ni madogo kuliko chembe nyekundu za damu, hayazibi mshipa. Ivermektini inapenda mafuta kwa hiyo inavutwa humo, halafu misuli na moyo vinayachoma kama kuni. Shida ni wanyama waliopewa muda mrefu au dozi kubwa, ukiweka ini lao kwenye darubini unakuta seli zile za kufagia taka zimejaa rangi ya kahawia, bandama nayo inavimba. Marekani zamani walitumia ya mbegu za pamba, wagonjwa wakapata homa na manjano, ikaondolewa sokoni. Ya soya aliileta daktari mtafiti Wretlind wa Sweden mwanzoni mwa miaka ya 1960, naye alianza kuijaribu kwa mbwa hao hao

Mleta mada: Kwa hiyo wa kwangu dripu moja haina neno?

DaktariWaMifugo: Mara nyingi haina, ila angalia kongosho, akitapika au akilia ukimshika tumbo mrudishe haraka. Na majibu ya maabara ya leo usiyaamini sana, hiyo tui inavuruga mashine, warudie kupima damu ikishatakata

Mleta mada: Mrejesho: leo wamepima tena, juu pamekuwa njano safi. Kanywa supu ya utumbo kidogo, ila bado anajigonga kwenye mlango